Mikono ya Gauni la Maruni

Nianze kwa kujisifu, kwa sababu kujisifu ndiko kulikonifikisha hapa. Mimi Arafa, mama yake Nafisa, fundi wa nguo za kike karibu na msikiti hapa Kitale, ukishuka kuelekea Tuwan, naweza kumtazama mwanamke akivuka barabara nikakwambia kiuno chake ni inchi ngapi. Najua nani ametia sifongo kifuani. Najua nani amenenepa kwa raha na nani kwa mawazo. Wateja waliniita eksirei, nami nilicheka na kuipenda sifa hiyo. Harusi ya Mwalimu Rispah ndiyo iliyonionyesha kwamba macho yangu ni mabovu.

Ulikuwa mwaka wa ile kura ya maoni ya katiba, alama zake ndizi na chungwa. Rispah alikuwa akifundisha shule moja ya msingi hapa mjini, lakini kwao ni Kabuchai, huko Bungoma kwenye miwa na mahindi, na harusi ingefanyika huko huko mwezi wa Desemba. Alikuja dukani kwangu mwezi wa kumi, jora zima la satini kalibeba begani mwenyewe. Salman muuza vitambaa alikuwa amelitoa Uganda kupitia mpaka wa Suam, na alimwambia wazi kwamba rangi ile hataipata tena.

"Maruni na krimu," akasema. "Krimu ni yangu, maruni ya mameidi, wale wapambe wangu sita. Watu wa nyumbani walitaka rangi ya machungwa, nikakataa. Harusi yangu si kampeni."

Nikamsifu kwa moyo wote. Maruni humpenda mtu mweusi. Waridi humfanya aonekane kama aliyeamka na malaria, njano humpigia kelele, lakini maruni humwinua hata asiye na umbo. Nikaanza kumwonyesha mitindo niliyobandika ukutani: mabega wazi, mgongo wazi, kamba nyembamba za begani. Hakutazama hata mmoja. Akatoa karatasi ya daftari la shule aliyoichora kwa penseli. Lilikuwa gauni la kubana kiuno, kola imefunga shingo, na mikono mirefu hadi kifundo.

"Mikono mirefu, Desemba?" nikamuuliza.

"Ndiyo."

"Wote sita?"

"Wote sita wafanane, Mama Nafisa. Asiwe tofauti hata mmoja."

"Mwalimu, hata sisi wa buibui tutawaonea huruma."

Hakucheka. Akaikunja ile karatasi mara nne, akaniwekea mkononi, akakifunga kiganja changu juu yake.

Wapambe walikuja kupimwa Jumamosi iliyofuata. Watano walikuwa marafiki wa Rispah, walimu na wauguzi, wasichana wenye afya na kelele zao. Wa sita alikuwa mdogo wake, Nelima, wa miaka ishirini na sita, aliyetoka Kabuchai asubuhi ile. Huyo ndiye angetangulia mbele ya mstari siku ya harusi. Ujue harusi za huku wapambe hawatembei tu kuingia kanisani. Huingia wakicheza, hatua mbili mbele, moja nyuma, bega kushoto, bega kulia, na mazoezi yake huchukua majuma. Nelima ndiye aliyekuwa akiwafundisha wenzake. Aliwapanga pale barazani kwangu, akaimba kwa mdomo, akawakemea waliopotea hatua, mpaka waumini waliokuwa wakitoka msikitini wakasimama kutazama.

"Mimi hii siku nimengojea kushinda bibi harusi mwenyewe," akaniambia akihema. "Tukiwa watoto tulikuwa tunacheza harusi na blanketi. Huyu ndiye bibi, mimi ndiye meidi. Kila siku mimi ndiye meidi, na sijawahi choka."

Nikampenda papo hapo. Ila zamu yake ya kupimwa ilipofika, alisimama mbele yangu na sweta zito la sufi, limefungwa vifungo vyote.

"Toa sweta, mama."

"Nasikia baridi."

"Baridi gani na jua hili? Fundi hapimi sweta, anapima mtu."

Rispah akaingilia upesi. "Mpime hivyo hivyo, Mama Nafisa."

Nikampima hivyo hivyo, kwa hasira, tepu ikiteleza juu ya sufi. Wakati wote huo alikuwa ameushika mkoba wake mbele ya tumbo. Na nusu saa kabla ya hapo nilikuwa nimemwona akikimbilia nyuma ya duka kutapika. Basi mimi eksirei nikajumlisha: sweta, mkoba, kutapika, dada mkubwa anayemkingia. Nikajiambia, Arafa, huyu ana mimba na wanaificha.

Walipoondoka niliikunjua tena ile karatasi nikaitazama kwa dharau. Mikono mirefu itafichaje tumbo? Gauni limebana kiuno hivi, kufikia Desemba msichana atakuwa amepasua zipu mbele ya pasta. Nikasema moyoni kwamba mwalimu anajua hesabu lakini nguo hajui. Na kwa kweli nilitaka kuwasaidia. Hilo nalisema si kwa kujitetea, ndivyo ilivyokuwa.

Kabla sijashika mkasi alikuja Jentrix, dada mkubwa wa Mukhisa, bwana harusi. Upande wa kina Mukhisa unakaa hapa hapa Kitale, na Jentrix ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati, mwanamke wa sauti, kucha ndefu, gazeti la mitindo kwapani. Nikamwonyesha mchoro.

"Aki Mama Nafisa, hii ni harusi ama ni kwaya ya wazee? Mabega, bana! Si hao wasichana wako na mabega poa? Mbona wafunikwe kama viti vya wageni?"

Nikacheka, kwa kuwa alisema niliyokuwa nikiyawaza. Nikachukua chaki nikamchorea mezani gauni langu mimi: mabega wazi kabisa, lastiki imezunguka juu ya kifua, mshono chini ya matiti, kisha kitambaa kinamwagika hadi chini bila kugusa kiuno. Gauni la namna hiyo humpendeza mnene, humpendeza mwembamba, na mwenye mimba hata mama mkwe hamjui. Tena halihitaji vipimo sahihi, kwa maana lastiki hufuata mwili unaoikuta. Vile vipimo vyangu vya juu ya sweta havingenisumbua tena.

"Hiyo!" Jentrix akapiga meza. "Hiyo ndiyo iko sawa."

"Na bibi harusi?"

"Rispah ako busy. Ataona siku hiyo, afurahi. Mshangaze."

Nambari ya simu ya Rispah ilikuwa imeandikwa kwa chaki ukutani, juu ya cherehani yangu. Kila nilipoinua uso kutia uzi nilikuwa nikiiona. Sikumpigia.

Kuna jambo jingine, na nilitamani kulipita. Mikono kumi na miwili mirefu ni kitambaa kingi. Magauni yalipokwisha, kilibaki kipande ambacho kingemtosha mtoto kuanzia shingoni hadi miguuni. Kwa desturi ya kazi yetu mabaki ni ya fundi, na fundi akikwambia hachukui mabaki, muulize watoto wake huvaa nini. Idi ya kuchinja ilikuwa inakaribia. Nafisa wangu alikuwa na miaka kumi na miwili, mrefu, mwembamba, ameanza kuona haya ya kike. Nikatafuta mtindo wa stara utakaomfaa, na mtindo ulikuwa tayari mezani kwangu. Nikauchukua mchoro wa Rispah nikamshonea mwanangu gauni lile lile, kola hadi shingoni, mikono hadi kifundo. Likatoka zuri ajabu.

Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, nilipanda pikapu iliyokuwa ikipeleka soda Kabuchai, magauni sita nimeyalaza mapajani yasikunjike. Tulifika alasiri. Turubai zilikuwa zimeshasimama, kuku wanakimbizwa, wanawake wameinamia masufuria. Mama yake Rispah, mjane mfupi mwenye kitambaa kichwani, akanipokea kwa mikono miwili.

"Umesafili salama, Mama Nafisa? Kwanza ukule. Nguo itangojea."

Nguo haikungoja. Rispah alinivuta chumbani, yeye na Nelima, akafunga mlango. Nelima alikuwa amekonda tangu nilipomwona mara ya mwisho, lile sweta linamning'inia. Nikamtazama tumboni. Hapakuwa na kitu. Nikaanza kuhisi jasho mgongoni kabla sijajua ni la nini.

Rispah akafungua mfuko. Akatoa gauni la kwanza, akaligeuza mbele na nyuma. Akatoa la pili.

"Mama Nafisa, mikono iko wapi?"

Nikaanza maneno yangu ya dukani, kwamba mtindo huu ndio unaovaliwa Nairobi, kwamba humpendeza kila mtu, kwamba Jentrix mwenyewe amekubali. Akanikatiza.

"Nilikuambia mikono mirefu. Nilikuambia sita. Nilikuchorea."

Nelima alifungua vifungo vya sweta kimoja kimoja, akalivua, akavuta blauzi begani ili nami nione. Kovu lilianza shingoni, likapita juu ya bega la kushoto, likashuka kifuani, pana kama kiganja, jeusi na lenye mikunjo. Mkanda wa jeshi, malengelenge ya wenye virusi. Miaka ile hakuna aliyehitaji daktari kulisoma kovu lile. Mtoto wa shule angelisoma.

"Natumia dawa," akasema taratibu, kama anayeomba radhi. "Hii mwezi wa tatu sasa. Zinanitapisha, lakini nitazoea. Nilitaka tu nicheze harusi ya dada yangu."

Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimeshona gauni la kuficha tumbo ambalo halikuwapo, nikaliacha wazi bega ambalo wenyewe walinisihi nilifunike.

Rispah alikuwa analia, lakini kichwa chake kilikuwa kinafanya kazi. "Kitambaa kilichobaki kiko wapi? Twaweza kushona vijaketi. Sita. Hapa jirani kuna cherehani. Ama tutume mtu Kitale na hiyo pikapu, arudi kabla ya magharibi."

Nikaliona akilini gauni la Nafisa likining'inia nyuma ya mlango wa chumba chetu Kitale. Lisingetosha vijaketi sita, lakini pengine lingetosha mitandio ya begani, sita, na Nelima angeingia kanisani. Ningeweza kusema. Lakini ningelazimika kusema pia kwamba nimemvisha mwanangu kitambaa chao, na uso wangu haukuweza.

"Hakikutosha," nikasema. "Hakikubaki hata cha leso."

"Basi angalau kijaketi kimoja, cha Nelima, hata kwa kitambaa cha krimu," Rispah akasema.

"Kimoja ndicho kitaita macho ya watu," Nelima akasema. "Kila mtu ataniuliza, mbona wewe peke yako?"

Akalichukua gauni, akalivaa, akajitazama katika kioo cha kabati. Akainua mkono akalifunika bega, kisha akajaribu hatua moja ya ule mchezo, mkono ukiwa bado begani. Ndipo mlango ulipofunguliwa bila hodi na Jentrix akaingia na boksi la viatu vya wapambe.

"Wacha nione vile..." Akamtazama Nelima begani, akamtazama Rispah, akaweka boksi chini.

"Kumbe," akasema.

Watu wana methali yao kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Naona wanaoipenda sana ni wale ambao hawajaona anavyofanywa aliyeyafichua. Jentrix hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alisema kwa upole kwamba yeye hana shida, lakini mamake Mukhisa ana presha, na wageni ni wengi, na picha za harusi ni za maisha, na si ingekuwa vizuri Nelima apumzike kwa vile anaonekana hajisikii vizuri? Rispah akamwambia atoke nje. Akamwambia kwamba kama mdogo wake haingii, hata yeye haingii. Hapo Nelima akashusha lastiki, akalivua gauni, akalikunja vizuri, mshono kwa mshono, akampa Jentrix.

"Usiharibu harusi yako kwa sababu ya bega langu," akamwambia dada yake. "Kuna kazi jikoni."

Haikuchukua hata robo saa. Jentrix alitoka nje akamshika mkono msichana wa kwanza aliyemwona wa umri ule, binti wa jirani aliyekuwa akichota maji, akamvalisha. Yule msichana alikuwa mnene, mara mbili ya Nelima. Gauni lilimkaa sawasawa. Lastiki haina rafiki. Mimi mwenyewe niliichagua kwa sifa hiyo.

Siku ya harusi wapambe walipendeza, kila mtu alisema hivyo. Niliulizwa mara nyingi duka langu liko wapi. Yule msichana wa jirani alikosea hatua kuanzia langoni hadi madhabahuni, na watu walicheka, wakafikiri ni mzaha uliopangwa. Rispah hakuinua uso hata mara moja. Baada ya ibada nilikwenda nyuma, palipokuwa panapikwa. Nelima alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, sweta limefungwa hadi juu, anachambua mchele kwenye ungo. Muziki wa wapambe ulikuwa ukisikika kutoka uwanjani. Mikono yake ilikuwa kwenye mchele, lakini miguu, pale chini, ilikuwa ikicheza: mbili mbele, moja nyuma. Nikageuka nikaenda zangu kulilia nyuma ya choo, na aliyeniuliza nilimwambia ni moshi.

Watu husema majuto ni mjukuu. Yangu hayakungoja hata nipate mkwe. Ikaja Idi, Nafisa akavaa gauni lake, akasifiwa msikitini, na kila aliyemsifu alikuwa ananichoma. Nilifikiria kulificha, nikashindwa kumpa mtoto sababu. Akawa analivaa kila Jumamosi kwenda madrasa.

Mvua za Aprili zilipoanza, Jumamosi moja kabla ya adhuhuri, Rispah aliingia dukani. Alikuwa amelowa. Hakuketi. Aliweka juu ya meza yangu uzi mweupe wa katani wenye mafundo matatu.

"Nelima ametuacha juzi," akasema.

Nikashika meza. Innalillahi ikanitoka yenyewe. Nikamuuliza ilikuwaje, si alikuwa akitumia dawa?

"Aliwacha. Baada ya harusi maneno yalienda mpaka sokoni. Akienda kliniki Bungoma anakuta watu wa Kabuchai kwa laini wanamwangalia, wananong'ona. Akasema haendi tena kuonyeshwa vidole. Nilimbembeleza, Mama Nafisa. Nilikuwa natoka Kitale kila wikendi kumbembeleza." Akapangusa uso kwa kiganja. "Tunamzika Jumatatu. Mama anataka azikwe na gauni ya harusi. Si ile yako. Ile nilichora. Nimetafuta hiyo maruni Kitale yote na Bungoma yote, haiko. Salman ananiambia haitakuja tena. Nikasema nikuulize mara ya mwisho, pengine ulisahau kipande mahali. Hizi mafundo ni kifua, kiuno na nyonga. Tulimpima jana."

Nilikuwa nimefungua mdomo. Wallahi, sijui kama ulifunguka kwa kweli au kwa uongo mwingine, kwa sababu mlango ulisukumwa na Nafisa akaingia kutoka madrasa, juzuu kifuani, gauni la maruni limerowa matone mabegani.

"Asalaam aleikum. Shikamoo, mwalimu."

Rispah alimtazama mtoto kutoka kolani hadi pindoni. Akapiga hatua mbili, akashika mkono wa gauni kwa vidole viwili, akaufuata mshono polepole kutoka begani hadi kwenye kifundo. Nikamngoja anitukane. Niliomba anitukane.

"Kwa hivyo kilitosha," akasema.

Nikamwambia Nafisa aende nyuma ya pazia abadilishe nguo aniletee gauni. Akatazama uso wangu, akaenda bila kuuliza. Nilipolipata nilililaza mezani likiwa bado na joto lake, nikachukua mkasi nikijua nina kazi kubwa mbele yangu, kwa kuwa gauni la mtoto wa miaka kumi na miwili halimwingii mtu mzima bila kufumuliwa na kuongezwa viraka ubavuni. Nikaunyoosha ule uzi wa katani kifuani. Fundo likaangukia kwenye mshono. Nikaunyoosha kiunoni. Gauni lilizidi kwa vidole viwili. Nikarudia, nikidhani nimepima vibaya, na uzi ukanipa jibu lile lile.

Nafisa alikuwa amesimama kando ya pazia akitazama. "Mama, nani huyo ako saizi yangu?"

Rispah ndiye aliyemjibu. "Ni dada yangu. Ako na miaka ishirini na sita."

Nikaweka mkasi chini, kwa maana hapakuwa na cha kukata. Nikafumua pindo, nikalishusha lote, nikalishona upya kwa mkono, na Rispah alisimama pale mpaka nikamaliza. Mikono sikuigusa. Ilikuwa inafika kwenye kifundo, kama alivyoagiza.